Ugonjwa wa Laptop ya Gaudiosa

Ilipokuwa nzima, laptop ile ilikuwa "yetu". Clavery aliitaja hivyo kwa kila aliyepita mbele ya chumba na sebule walichopanga Kashai, mjini Bukoba: kazi yetu, kompyuta yetu, filamu zetu. Asubuhi ilipoanza kutoa mistari myekundu na ya kijani kwenye kioo, kabla hata chai haijapoa, ikawa ya mkewe.

"Laptop yako imefanya nini?" aliuliza, mswaki ungali mdomoni.

Gaudiosa aliinamia kioo. Mistari ilitetemeka, ikachezacheza, kisha kioo kikawa cheusi tii. Alibonyeza kitufe cha herufi kubwa, kitaa chake kikawaka. Akabonyeza tena, kikazima. Maana yake mashine ilikuwa hai na inasikia, ila imegoma kuonekana. Feni yake ilinguruma kama bodaboda inayopanda mlima na abiria watatu.

Gaudiosa alikuwa na sababu ya kuhangaika. Ndani ya mashine ile mlikuwa na filamu ya jubilei ya Mzee Kagaruki na mkewe wa Muleba, miaka hamsini ya ndoa. Binti yao, Joanitha, alitaka filamu ionyeshwe ukumbini siku yenyewe, Jumamosi, mbele ya ukoo mzima, paroko na majirani wote wenye midomo. Gaudiosa alikuwa amekwisha kupiga picha, amekwisha kuunganisha. Ilibaki kuipitia mara ya mwisho na kuitoa iwe faili kamili la kuonyeshwa.

Na si filamu tu. Mama mkwe wake, Ma Immakulata, alikuwa ameshuka kutoka kijijini Izimbya na mikungu miwili ya ndizi na ujumbe mmoja: tangu baba mkwe afariki, kibanja cha migomba kimegeuka pori, na lazima mtu arudi kukilima. Clavery ndiye mtoto wa kiume peke yake, lakini Clavery alisema hawezi kuacha mji kwa sababu yeye ni mkurugenzi. Alikuwa na kadi zilizochapishwa kabisa: Clavery Video, Mkurugenzi Clavery. Kamera hakuwahi kuishika isipokuwa alipopigwa nayo picha. Basi kikao kikakaa, na kikaamua kama vikao vinavyoamua pale asiyetakiwa kusema anapokuwa jikoni anasonga ugali: kazi ya Muleba ikifanikiwa, Gaudiosa abaki mjini na kazi yake. Ikianguka, ashike jembe Izimbya, na mumewe abaki Kashai kulinda ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa ile meza yenye laptop.

Gaudiosa hakuogopa jembe. Amezaliwa kibanjani, amelishika tangu mdogo. Kilichomuuma ni kupelekwa, kama mbuzi.

"Itakuwa umeme," alisema Clavery. Alisukutua, akatema nje. "Au yule Rugambwa wa video katutumia virusi. Yule ana wivu na mimi."

"Wivu na wewe?" alisema Gaudiosa. Akafunga mashine ndani ya kitenge, akatoka.

*

Fundi Haruni alikuwa na kibanda kati ya saluni na muuza mkaa. Juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: DAKTARI WA KOMPYUTA. WALIOOZA HATUPOKEI. Hakuwa mtu wa unyenyekevu hata chembe. Angekuambia mwenyewe, kabla hujakaa, kwamba kutoka Mutukula mpaka Biharamulo hakuna mkono kama wake.

"Karibu, dada. Mgonjwa anaumwa nini?"

"Kioo kimekufa," alitangulia Clavery, aliyekuwa amemfuata mkewe mbiombio akitoa kadi mfukoni. "Tubadilishie kioo, tuna haraka."

"Kumbe wewe ni fundi?"

"Mimi ni mkurugenzi."

"Basi mkurugenzi, kaa pale. Usiguse kitu."

Haruni akachukua waya, akaunganisha laptop na televisheni ya kibandani. Televisheni ilikuwa nzima, sasa hivi tu ilikuwa inaonyesha marudio ya mpira. Ikatoa mistari ileile, myekundu na ya kijani.

"Umeona, dada? Kioo chako hakina kosa. Kama ubovu ungekuwa wa kioo, picha ingetoka safi huku. Picha inaharibikia kulekule inakotengenezwa." Akachomoa kipande cha memori, akasugua meno ya chuma ya kile kipande kwa kifutio cha penseli, akakirudisha. Mistari. Akaweka memori yake mwenyewe. Mistari. "Haya, memori nayo tunaiachia huru."

"Virusi!" alisema Clavery.

"Ndugu yangu, virusi vinakaa kwenye diski. Hii mistari inatoka hata kabla mashine haijagusa diski. Viache virusi vipumzike." Akamgeukia Gaudiosa. "Ni chipu ya picha, dada. Kila unachokiona kwenye kioo, yeye ndiye anayekichora. Na kazi ya video inamkamua kuliko kazi zote."

"Filamu yangu je?"

"Filamu iko kwenye diski. Salama kabisa."

"Basi tuihamishie kwenye kompyuta nyingine."

"Yangu hii ni ya barua na nyimbo, ukiipa kazi yako itazimia. Mwenye mashine ya nguvu mjini hapa ni Rugambwa."

Hapo mume na mke wakapatana kwa mara ya kwanza siku ile. Rugambwa naye alikuwa mpiga video za sherehe, na mteja aliyeingia kwake hakuwahi kurudi alikotoka. Fisi hakabidhiwi bucha.

"Fungua," alisema Gaudiosa.

Haruni akafungua skrubu, akainua mfuniko wa chini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka mama wa saluni akachungulia.

"Dada, samahani. Hii ni laptop au ni kikaango?"

Kati ya feni na yale mapezi ya bati yanayopitisha hewa palikuwa pamejaa kitu kama blanketi. Yalikuwa mabawa. Mabawa ya senene, wale panzi wa kuliwa, ya kijani na ya kahawia, na miguu yake, yameshikana kwa mafuta. Haruni aliyang'oa kwa kibanio, akayaweka mezani, yakafanya kichuguu.

"Feni inazunguka, lakini upepo hauna pa kutokea," alisema, akijifuta machozi. "Chipu imejipika yenyewe. Nimewahi kutoa mende, nimetoa mjusi, nimetoa shilingi mia. Senene, ndiyo mara ya kwanza. Ni mambo ya Bukoba haya, Mwanza hawawezi kunielewa."

"Ni mama," alisema Clavery, haraka kupita kiasi. "Wiki nzima mama ananyonyoa senene pale nyumbani. Wazee, unajua tena."

Gaudiosa aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Alikumbuka Ma Immakulata barazani na sinia lake, vidole vikienda kama cherehani. Kumbe huyo ndiye anayetaka nirudi shamba, aliwaza, na ndiye aliyeua mashine yangu. Akaomba gazeti, akayafunga yale mabawa.

Haruni alisafisha, akakwangua pesti ya kupitisha joto iliyokauka, akawafunika majirani wa ile chipu, vile vipuri vidogo vya pembeni, kwa karatasi ya aluminiamu. Akapaka dawa ya kulehemu, akawasha mashine ya upepo wa moto, akaushusha taratibu akizungusha mkono. Aliamuru watu wasiongee, na Clavery akaongea, akaambiwa atoke nje. Ubao ulipopoa na feni kurudishwa, Haruni akabonyeza kitufe.

Picha ikaja safi, bila mstari hata mmoja. Gaudiosa akapiga kigelegele, na wateja wawili wa saluni wakatoka nusu ya nywele zao imesukwa.

"Usishangilie," alisema Haruni. "Sijamponya, nimemwamsha. Ndani ya chipu kuna mahali pameachia. Moto umeparudisha, na joto la kazi litapaachia tena. Anaweza kuishi mwezi, anaweza kufa hujafika nyumbani. Fundi anayekuambia kuchoma ni tiba, huyo anakula hela yako. Tiba ni kung'oa chipu na kupachika mpya, na mtambo wake uko Mwanza."

"Sasa nifanye nini?"

"Toa filamu vipande vipande. Kila kipande kikitoka, hamishia kwenye flashi papo hapo, mwache mgonjwa apoe, ndipo uendelee. Na tafadhali, mdudu yeyote asikaribie."

*

Ma Immakulata alikuwa mlangoni, anamenya ndizi. Siku zote Gaudiosa humpigia magoti anapomwamkia, kama alivyolelewa. Siku ile alimwamkia amesimama.

"Leo magoti yanauma?" aliuliza Ma.

Gaudiosa akafungua gazeti. "Ma, sitaki kukukosea adabu. Lakini haya yalikuwa ndani ya mashine yangu ya kazi. Yameiua."

Ma akafuta mikono, akavaa miwani. Clavery akaona ghafla jambo la maana sana kwenye simu yake. Bibi akachukua bawa moja, akaliinua juu kwenye mwanga. Akachukua jingine. Akachokonoa kwa kidole, kama anayechagua maharage.

"Nani kasema ni mimi?"

Gaudiosa akamtazama mumewe.

"Waitu! Nimenyonyoa senene tangu sijaota meno ya utu uzima. Mwanamke anang'oa mabawa kwa mvuto mmoja, yanatoka mazima, halafu miguu inafuata peke yake. Sasa angalia haya. Yamechanika katikati. Huu mguu umetoka na nyama yake. Na hiki hapa ni kichwa! Aliyefanya haya alikuwa ananyonyoa au alikuwa anapigana?" Akavua miwani. "Mimi nanyonyolea barazani, mtaa mzima shahidi, na senene wangu mmekula nyie. Namfahamu mtu mmoja tu anayenyonyoa hivi. Marehemu baba yake alimkataza kugusa sinia, maana senene walikuwa wanabaki vipande. Clavery!"

"Ee, Ma."

"Hawa uliwala lini?"

"Senene gani tena, Ma?"

"Clavery."

Ikatoka. Ilikuwa Jumapili, wanawake wako misani. Gaudiosa alikuwa ameiacha laptop ikifanya kazi, akamwomba mumewe aiangalie tu, asiiguse. Akapita mama muuza senene, wabichi, wanene, bado wanarukaruka. Mkurugenzi akanunua, akafunga mlango, akaketi mezani akanyonyoa. Halafu akagundua kwamba ubavuni mwa laptop unatoka upepo wa moto wa bure. Akafurahi sana na akili zake. Akasogeza sinia pale senene wakauke vizuri kabla ya kukaanga, na mabawa akayaacha yamezagaa mezani. Hakujua kwamba mashine inayopulizia ubavuni inavuta pumzi kwa chini.

"Ukawakaanga?" aliuliza Ma.

"Nikawakaanga."

"Ukala?"

"Nikaonja."

"Wote?"

Clavery akatazama miguu yake.

"Yaani mama yako nimepiga magoti kanisani nakuombea, na wewe umejifungia ndani unakula senene peke yako!" Kwa Ma Immakulata, habari ya laptop ilikuwa imekwisha. Mashine ni chuma, huharibika. Lakini kula senene kwa kujificha, mama mzazi yuko nyumba hiyohiyo, hilo hata jirani wa kupanga hafanyi. Aliita jina la marehemu mumewe, akamuuliza kwa Kihaya kama anayaona haya, na kwa jinsi alivyotikisa kichwa ilionekana amejibiwa.

Gaudiosa alipiga magoti. Uso ulikuwa unamwaka kwa aibu, safari hii aibu yake mwenyewe. "Ma, nisamehe. Nimeamini kabla ya kuuliza."

"Umeamini kwa sababu mimi ni mama mkwe. Mama mkwe hahitaji ushahidi." Lakini alikuwa ameshaushika mkono wake. "Inuka, mwanangu. Jumamosi inakuja."

*

Laptop iliinuliwa juu ya vibiriti vinne ipate hewa. Ma alikaa mlangoni na mwiko, na Clavery akapewa baraza lote awe huru huko nje.

Kipande cha kwanza, picha za zamani za Mzee Kagaruki na suruali yake pana, kikatoka. Gaudiosa akakihamishia kwenye flashi, akazima, akangoja mashine ipoe. Kipande cha misa. Cha wajukuu. Kila mara feni ilipopandisha sauti, Ma aliacha kusali rozari akaitazama mashine kwa jicho la kuiamuru.

"Anza na kile cha mwisho, chenye majina!" alipaza sauti Clavery dirishani. "Hicho ndicho muhimu!"

Kipande hicho alikiandika yeye. Kilisema filamu imebuniwa na Clavery, imesimamiwa na Clavery na kuongozwa na Clavery, na shukrani za pekee zimwendee Clavery.

"Majina yatafuata," alisema Gaudiosa.

Akatoa mahojiano ya bibi harusi wa miaka hamsini, yule mama mzee anayesema kwamba siri ya ndoa ni kutosikia vizuri, kisha anacheka mpaka kilemba kinamwanguka. Kikafika kwenye flashi salama. Ndipo akabofya kipande cha majina. Mistari ikaingia, myekundu, ya kijani, ikacheza kidogo kama inayoaga. Giza. Alijaribu kuiwasha tena na tena, haikuonyesha kitu.

Gaudiosa alicheka. Halafu akalia, maana filamu ilikuwa mkononi lakini mashine ilikuwa imekufa, na hakuwa na nyingine. Ma alimmenyea ndizi mbivu, akamwekea mkononi.

*

Muleba walikula, wakanywa rubisi ya ndizi, kwaya ikaimba mpaka ikashauriwa kupumzika. Filamu ilipowashwa, watu wakageuza viti. Mzee Kagaruki alijiona kijana, akauliza kwa sauti, "Huyo mhuni ni nani?" na watu wakavunjika mbavu. Joanitha alilia waziwazi. Mama yake alipocheka kwenye kioo, akacheka na pale alipokaa, na filamu ikakatika papo hapo, kwenye kicheko.

Watu wakasimama, wakapiga makofi. Gaudiosa, nyuma kabisa karibu na waya wa umeme, alipiga kigelegele.

"Mbona hamkuweka majina yenu?" aliuliza Joanitha.

Clavery akafungua mdomo. Ma akamkanyaga kidole.

"Sherehe ni ya wazee," alisema Gaudiosa.

Mama mmoja wa meza ya jirani, mwenye binti wa kuozesha, aliomba mawasiliano. Clavery akampa kadi mbiombio. Mama yule akaigeuza, akaandika upande mweupe namba ya Gaudiosa.

*

Kesho yake, baada ya misa, Ma akaitisha kikao.

"Tulikubaliana kazi ikianguka, aliyeiangusha anakwenda Izimbya."

"Tulisema Gaudiosa!" alisema Clavery.

"Tulisema Gaudiosa kwa kuwa tulidhani ni yeye atakayeiangusha. Hakuiangusha. Na aliyejaribu kuiangusha tunamjua, alikuwa amejifungia na sinia."

"Lakini Ma, mimi ni mkurugenzi."

"Migomba haijui kusoma kadi. Jembe liko nyuma ya mlango wa jikoni, kisu cha kupogolea kiko darini. Kama swali lako ni nauli, nakupa mimi."

Hapakuwa na swali. Jumatatu, Kashai ilitoa wasafiri wawili: laptop kwenda Mwanza kwa basi, ndani ya boksi lililojazwa matambara, na Clavery kwenda Izimbya. Malipo ya Joanitha yalikwenda karibu yote kwenye chipu mpya.

"Atapona?" Gaudiosa alimuuliza Haruni, aliyefunga lile boksi kwa mikono yake.

"Laptop itapona. Huyo mwingine sina mita ya kumpima."

Alimsindikiza mumewe mpaka kituoni. Clavery alipanda gari akigeukageuka, kama anayengoja kuitwa. Gaudiosa alimhurumia, kwa kweli alimhurumia, lakini hakumwita. Akarudi nyumbani polepole, akifikiria chumba kitakavyokuwa kimya, na kitanda atakavyolala katikati, mikono huku na huku. Ma naye, alijua, angeondoka mchana na gari la pili.

Akakuta sanduku la Ma limefunguliwa. Magauni yake yalikuwa yametundikwa kwenye misumari ya Clavery. Meza ya kazi ilikuwa imesogezwa ukutani, na pale ilipokuwa palikuwa na mikungu ya ndizi, chungu, na kuku mmoja aliyefungwa mguu.

"Ma? Si ulisema unakwenda? Kibanja..."

"Kibanja kimempata mwenyewe. Mimi nikafanye nini?" Ma alikuwa ameketi kitandani, akikijaribu kwa makalio. "Mashine ikirudi itataka mlinzi. Na lile godoro la sebuleni limeniua mgongo, waitu. Hiki kinatutosha sote wawili. Wewe lala ukutani."

Gaudiosa alikaa kwenye ukingo uliobaki, akacheka mpaka kuku akashtuka. Siku zote zile alikuwa akimwomba Mungu asipelekwe kijijini. Hakukumbuka kumwomba pia kijiji kisimfuate.